Ghorofa Tatu za Teodocia Lambey

Teodocia Lambey hajawahi kumtukana mtu maishani mwake. Muulizeni mwenyewe, atawaapia. Anayetukana watu hapa kijijini ni mama yake mdogo Basilia, ambaye tulimzika zamani, wakati barabara yetu hapa Belize ya kwenda mji wa Dangriga ilikuwa bado matope matupu. Basilia humjia Teodocia usingizini na kumwimbia wimbo mpya, na asubuhi Teodocia, maskini, hana la kufanya ila kuuleta kama alivyopewa. Wimbo uliotoka kwa wafu haukataliwi wala haupunguzwi neno. Sote tunalijua hilo, na Teodocia analijua kutuzidi.

Basi marehemu akatutangazia kwamba fundi Gabino amemtengenezea mjane mmoja mlango unaofunguka kwa teke. Marehemu akatutangazia kwamba nesi wa zahanati hudunga sindano huku macho yake yako dirishani, kwa mwalimu wa hesabu. Mimi nami marehemu alinikumbuka kwa beti mbili kuhusu miguu yangu. Nilimjua Basilia akiwa hai. Alikuwa muuza mafuta ya nazi, mpole mpaka anakera, mtu wa kumwomba radhi mbuzi aliyemlia kanga kambani. Vipi kifo kilimnoa ulimi mwanamke yule, mimi mpaka leo sijaelewa.

Nilizicheza beti zangu, lakini. Ngoma yetu ya punta ndivyo ilivyo: ukitungwa kwa wimbo, unacheza. Unaingia katikati, unapeleka kiuno, miguu inakwaruza mchanga, na kiitikio unakiitikia kwa sauti, kile kile kinachokusema wewe. Ukifanya hivyo yamekwisha, kesho watu wanatafuta mwingine. Ukinuna, umekiri. Ukiondoka kwa hasira, wimbo unabaki kijijini na jina lako ndani yake, na watoto ambao hawajazaliwa watakuja kuruka kamba kwa aibu yako.

Maisha yake mengine Teodocia hayana makubwa. Shuleni alitolewa darasani kwa kuimba kuhusu pua ya mwalimu. Basilia alikuwa bado mzima wakati huo, kwa hiyo mtoto akakosa wa kumsingizia. Akaolewa na Wenceslao, baharia wa meli za ndizi, mume mzuri kabisa kwa sababu hakuwa nyumbani. Siku alipostaafu na kukaa kitini kumsikiliza mkewe kutwa, hakumaliza mwaka. Watu wenye midomo, na mimi nimo, tulisema amekufa kwa kuzidiwa na maongezi. Walizaa mtoto mmoja tu, Evaristo, na Teodocia akampenda kwa niaba ya wote ambao hakuwazaa. Alimtafunia samaki mpaka mtoto ana meno kamili.

Evaristo alipokua akaenda Los Angeles, kama wanavyokwenda wote. Mwanzoni alituma pesa, na msingi ukachimbwa nyuma ya kibanda cha mama yake, msingi mpana kweli, nondo zikasimama juu kama mikono ya wanafunzi wanaojua jibu. Kisha basi. Nondo zikashika kutu, kuku wangu wakahamia humo kutaga, nami ikawa kila asubuhi naokota mayai katika sebule ya Evaristo.

Lakini mdomoni nyumba iliendelea kupanda. Ukikutana na Teodocia kisimani, ghorofa ya kwanza imekwisha. Ukikutana naye kanisani, ya pili inapigwa plasta. Ilipofika ya tatu ikawa na roshani ya kutazama bahari na choo cha ndani chenye vigae vya buluu. Aliyekuwa akitutungia kila uongo wetu alijenga uongo wake mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kumtunga, kwa sababu kila mmoja aliogopa kitakachosemwa na marehemu wiki inayofuata.

Aliyethubutu ni Hilaria Ogaldez.

Hilaria alikuwa na sababu. Mumewe, Eulogio, ni mvuvi asiyebahatika, na siku moja alipitia mjini akanunua samaki, akamtundika kwenye ndoana na kuingia naye kijijini akijinyoosha kama shujaa. Ubaya ni kwamba samaki alikuwa na barafu mgongoni. Marehemu Basilia hakulala. Jumamosi ile ile tukaimba, "Hilaria, niazime sweta la mumeo, bahari imeganda." Hilaria aliucheza. Aliucheza vizuri, meno yote nje, kisha akarudi nyumbani na kuanza kungoja. Akangoja miaka. Mwanamke yule anaweza kungoja kuliko mtu wa foleni ya pasipoti.

Isitoshe, Hilaria ana wanawe wawili New York, ambao humpigia simu kila Jumapili. Yeye ndiye anayesema hivyo.

Sasa mwaka huo Bibi Sinforosa, aliyekuwa akituongoza wanawake kuimba, sauti ilimkauka, ikawa lazima tumchague mwingine kabla ya sikukuu ya Novemba. Asubuhi ile mitumbwi hutoka baharini na matawi ya minazi, ikiigiza wazee wetu walivyofika pwani hii, na mwanamke mmoja husimama majini mpaka magotini na kuanza wimbo. Hakuna anayemtangulia. Padri anangoja, mbunge anangoja, hata bahari unaona kama inangoja. Teodocia alikitaka kile kisimamo kuliko alivyolitaka jumba lake, na haki ilikuwa yake: sauti anayo, nyimbo anazo. Hilaria hakukitaka. Alichotaka yeye ni Teodocia akikose.

Ikawa mwezi wa kumi ikapiga dhoruba, ya kawaida tu, ya kung'oa mabati na kuangusha nguzo. Umeme ukakatika kijiji kizima, na simu zikafa moja baada ya nyingine mpaka tukaanza tena kuzungumza na waume zetu. Siku ya tatu ya kiza Hilaria alitoka na ndoo kufuata maji, akamkuta Teodocia amesimama juu ya msingi wake, simu sikioni, anapaza sauti ili na wapitao barabarani wafaidi.

"Ndiyo, mwanangu! Ya buluu, sitaki ya kijani! Ee, na ngazi iwe upande wa bahari!"

Hilaria akaweka ndoo chini. Akangoja kwa adabu mpaka Teodocia alipoaga na kubusu hewa.

"Hajambo Evaristo?"

"Hajambo, shoga, anakusalimu sana. Wasiwasi tu, ameona habari za dhoruba kwenye televisheni."

"Mungu ambariki. Na simu yako ni ya aina gani, mwenzangu? Maana zetu sote zimezima tangu juzi."

Teodocia alifungua mdomo. Hilaria alinisimulia baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza kuona mdomo ule ukiwa wazi na hakuna kinachotoka.

"Ya kizamani," Teodocia akasema. "Za kizamani zinatunza chaji."

"Ahaa," akasema Hilaria, akanyanyua ndoo yake. Alifika kwangu akiwa amemwaga nusu ya maji kwa furaha.

"Justa! Justa we! Yule mwanamke anaongea na kipande cha plastiki!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nasema ukweli, nilicheka.

Siku ya kuchagua ilikuwa siku ya kuoka mikate ya muhogo kwa ajili ya sikukuu, nyuma ya nyumba ya Bibi Sinforosa. Tangu alfajiri tulikuna muhogo kwenye mbao zetu zenye vijiwe, tukausokomeza ndani ya kile kifuko kirefu cha kusukwa, tukakining'iniza mtini na kuikalia ile fimbo ya chini kwa zamu ili maji ya sumu yachuruzike. Zamu ya Teodocia ilipofika, Hilaria akasema, "Kaa vizuri, shoga, jizoeshe. Roshani nayo inakaliwa hivyo hivyo."

"Utakuja kunitembelea," Teodocia akamjibu. "Utavua viatu mlangoni, lakini utakuja."

"Mlango upi? Wa kuku?"

Wanawake wakainama kwenye mbao zao. Teodocia naye akacheka, ila macho yake yalikuwa yameshaanza kuhesabu watu. Alijua kuna jambo. Mtu aliyetunga maisha yake yote hunusa wimbo kabla haujaimbwa.

Mchana, bamba la chuma likiwa limepata moto na mikate ya kwanza imetoka, akatokea Pánfilo mpiga ngoma, ambaye hajawahi kualikwa mahali popote wala kukosa kufika. Alikuja na ngoma yake begani na chupa ya ramu ya mizizi, anayoiita dawa ya mgongo. Mgongo wa Pánfilo umeugua tangu tukiwa wasichana.

"Haya, mama zangu," akasema, akivunja mkate wa moto bila kuuliza. "Nasikia leo tunapata mwimbishaji. Nani anaanza?"

"Mimi nina kawimbo kadogo," akasema Hilaria.

Hilaria hajawahi kutunga hata wimbo wa kubembeleza mtoto.

"Umekaota?" akauliza Teodocia.

"Sikukaota, shoga. Nilikuwa macho kabisa. Nilikuwa nimeshika ndoo."

Pánfilo akaweka ngoma katikati ya mapaja na kuanza, na Hilaria akaingia uwanjani na kuimba. Hakuimba kama anamsema Teodocia. Alijifanya ndiye Teodocia, kiganja sikioni kama simu, shingo imeinuliwa:

*Ghorofa ya kwanza nimeijenga kwa mdomo,*
*ya pili kwa mdomo, ya tatu kwa mdomo,*
*kuku wamehamia, mimi bado.*
*Mwanangu wee, simu imekufa,*
*au umekufa wewe?*

Jamani. Ulikuwa wimbo mzuri, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mara ya pili tu tulikuwa tumeshaushika. Ngoma ilikuwa inaruka, viuno vinaruka, Bibi Sinforosa asiye na sauti anapiga makofi kwa vifuniko vya sufuria, na sote tukifika kwenye "au umekufa wewe" tunaangusha mguu pamoja kwa kicheko. Fundi Gabino alitoka kwake kuja kusikiliza akiwa na msumari mdomoni. Miaka ya kutungwa tuliilipiza kwa wimbo mmoja, na tulikuwa watu wenye furaha sana.

Kisha tukamgeukia, kama inavyopaswa, aje acheze.

Teodocia alikuwa amesimama kando ya bamba la chuma, mikono imejaa unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko. Uso wake ulikuwa umekwisha. Sijui niseme vipi. Ulikuwa uso wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Kila mmoja pale alijua hesabu ilivyo. Akiondoka, hataongoza wimbo Novemba ile wala Novemba yoyote, na ghorofa tatu zitabaki kuwa jina lake mpaka jeneza.

"Njoo, shoga," Hilaria akamwita. "Au unapigiwa simu?"

Teodocia akaja. Akaingia katikati na kucheza, tena ipasavyo, kiuno kinakwenda na mabega yametulia, Pánfilo akimfuata kwa vidole kama anavyofuata wachezaji wazuri tu. Akacheza ghorofa ya kwanza, akacheza ya pili na ya tatu, akacheza kuku. Ilipofika kiitikio akafungua mdomo aitikie na sisi. Sisi tuliimba. Yeye hakutoa kitu. Midomo ilikuwa inakwenda, na maneno yale hayakutaka kumtoka.

Tukarudia. Ikawa vile vile. Mara ya tatu akanyoosha mkono kwa Pánfilo.

"Nyamazisha hiyo ngoma."

Mkono wa Pánfilo ukabaki hewani.

"Amenuna!" akapiga kelele Hilaria. "Mmemwona? Ngoma haisimamishwi! Amekiri!"

"Nani kanuna?" akasema Teodocia. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya kisimani. "Wimbo mzuri huu. Mmeupa ngoma bure tu. Huu si wa ngoma."

Akajifuta unga kwenye sketi, akaja moja kwa moja kwa Hilaria na kumshika mkono. Mkono wa pili akanishika mimi. Ndipo nikaelewa anachotaka kufanya, nikaona afadhali angetutukana.

Kuna nyimbo zetu wanawake ambazo hazina ngoma. Tunaziita abeimahani. Tunasimama mstari, tunashikana mikono, tunainama kidogo na kuipeleka mikono mbele na kuirudisha, mbele na kuirudisha, na yule aliyeshikwa na jambo anaimba jambo lake. Haziimbwi kwa mchezo. Mtu akikushika mkono kwa abeimahani huuchomoi, labda uwe unataka watu wote wajue kwamba unamtakia mabaya. Hilaria alitazama kulia, akatazama kushoto. Wanawake walikuwa wameshaanza kushikana, mmoja baada ya mwingine, kwa mazoea tu ya miili yao. Na Hilaria akabaki pale ameshikwa.

Teodocia akaanza. Maneno yalikuwa yale yale, hakubadilisha hata moja. Aliyapunguza mwendo tu.

*Ghorofa ya kwanza nimeijenga kwa mdomo...*

Kuna mtu alicheka mwishoni mwa mstari, msichana mmoja, kisha akaacha. Ghorofa ya pili haikumchekesha mtu. Kuku walipohamia na yeye bado, niliwaona kuku wangu mimi, kwenye ule msingi, na mwanamke huyu dirishani kwake akiwatazama kila siku wakilala katika chumba cha mtoto wake. Nami nilikuwa nakwenda pale kila asubuhi na kikapu.

*Mwanangu wee, simu imekufa,*
*au umekufa wewe?*

Hakulia. Aliuliza tu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujibiwa, na kwa mara ya kwanza tukasikia tulichokuwa tukikiimba muda wote ule.

Katika nyimbo hizi mwongozaji akikutazama, kiitikio ni chako. Teodocia akamtazama Bibi Sinforosa. Bibi Sinforosa ana mtoto aliyepanda meli Belize City na barua yake ya mwisho bado ina stempu ya malkia wa Uingereza akiwa msichana. Akaimba kwa ile sauti yake iliyokauka, upepo mtupu: mwanangu wee. Teodocia akamtazama wa pili, ambaye binti yake yuko Houston na mume asiyetaka ndugu. Akamtazama wa tatu. Akanitazama mimi. Wangu ni Ignacia, yuko Chicago, na mara ya mwisho kuisikia sauti yake nilikuwa nimemuudhi kuhusu jambo ambalo sasa silikumbuki. Niliimba. Nilimchukia Hilaria kwa kuutunga wimbo ule, nikamchukia Teodocia zaidi kwa kuupunguza mwendo. Mikono ilikuwa inakwenda mbele na kurudi, na kila mkono ulikuwa umemshika mtu mwenye wa kumngoja.

Pánfilo alikuwa ameinamia ngoma yake, anaitazama ngozi kama vile imechanika.

Mwisho akabaki Hilaria. Teodocia akageuka na kumtazama, karibu kabisa, mikono yao ikiwa bado imeshikana. Hilaria akainua kidevu. Ana wanawe wawili, wanapiga kila Jumapili, kwake wimbo huu si kitu. Akavuta pumzi.

"Mwanangu wee," akaimba Hilaria. "Mwanangu wee..."

Haikuendelea. Akajaribu tena na ikakwama pale pale. Mstari ukaendelea kubembea bila wimbo, mbele na kurudi, na hakuna aliyemsaidia, maana sote tulikuwa tunazikumbuka Jumapili zile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia simu ya Hilaria ikilia.

Teodocia hakumwachia mkono.

"Imba, shoga," akamwambia taratibu. "Wimbo ni wako."